Mafundi wa kufunga bwawa kipindi cha masika, Jambiani: maoni yangu baada ya msimu mzima

Nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nliyoibakisha ntaieleza huko chini, mana haihusu ujuzi wao inahusu turubai na kuchelewa kwao. Naandika kwa urefu kwa sababu nlipokuwa natafuta mtu wa kunifungia bwawa la kuogelea la nyumbani kabla ya masika, yaani kulitayarisha likae miezi bila kutumiwa, maelezo ya mtu wa hapa hapa Unguja sikuyapata, nliyoyaona yote ni ya nchi za barafu, na mambo ya barafu ukiyaleta Jambiani kama yalivyo unaweza ukalivunja bwawa lako mwenyewe huku umelipa pesa.

Nyumba ni ya familia, tunapangisha wageni, ipo karibu na pwani. Bwawa ni mita 8 kwa 4, kina kwa wastani mita moja na nusu, kwahiyo hesabu yake ni kama lita 48,000. Mwezi wa nne na wa tano hamna mgeni, hoteli nyingi za ukanda huu wa mashariki zinafunga, na hata sisi wenyewe hatukai huko tunarudi mjini, anabaki ami yetu tu anayeangalia nyumba. Bwawa lilimaliza kujengwa baada ya masika yaliyopita, kwahiyo haya ndo yalikuwa masika yake ya kwanza na mimi ndo mara yangu ya kwanza kufikiria kwamba kumbe bwawa nalo linafungwa.

Wazo lilitoka kwa kaka yangu. Yeye anaishi Kanada na ana bwawa kwake, kila ikifika mwisho wa mwezi wa tisa au wa kumi analifunga mpaka mwezi wa tano. Akanitumia voisi moja ndefu hiyo, ananambia teremsha maji yawe chini ya mdomo wa skima (lile tundu la ukutani linalovuta uchafu wa juu), puliza mabomba yote kwa kompresa yakauke, ziba kila tundu kwa kizibo, tia dawa ya kuzuia maji yasigande ndani ya mabomba, pampu ing'oe uiweke ndani, alafu funika bwawa kwa turubai la kubana usiliguse tena. Na kwake yeye yuko sawa kabisa, mana maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na yakitanukia ndani ya bomba lililofungwa hayana pa kwenda, bomba linapasuka, filta inapasuka, na pampu nayo. Ndo mana wao wanayakimbiza maji kila mahali. Lakini sisi hata usiku wa baridi kabisa wa kipupwe joto ni nyuzi 20 na ushei, hamna kitu kitakachoganda. Vinavyotuharibia sisi ni mvua, jua, mbu, hewa ya chumvi na maji ya chini ya ardhi, na kila kimoja kina dawa yake tofauti.

Fundi wa mwanzo nliyempigia simu, simtaji, aliniambia njia rahisi ni kumwaga maji yote, tunalisugua, linakaa tupu hadi mwezi wa sita alafu tunajaza mapya. Bei yake ilikuwa ndogo na nlikaribia kumkubalia. Bas jirani mmoja akaniambia ngoja kwanza, kuna vijana wako upande wa Fuoni kazi yao ni mabwawa tu, waite waje waangalie. Hawa ndo ninaowaandikia hapa.

Walipofika, fundi mkubwa hakwenda bwawani. Aliamkia, "Shikamoo ami," akaitikiwa marahaba, alafu akanigeukia, "Dada, kisima kiko wapi?" Nikamwambia fundi sisi tatizo letu bwawa, kisima kizima. Akasema, "Najua dada, nioneshe tu." Akatoa kamba akafunga jiwe, akaliteremsha kisimani mpaka likagusa maji, akatia fundo kwenye kamba pale usawa wa ardhi. Kisha akaenda nayo bwawani, akaishikilia ubavuni mwa bwawa upande wa kina, fundo usawa wa ardhi vile vile. Lile jiwe halikufika hata usawa wa sakafu. Yaani maji ya chini ya ardhi yalikuwa juu kuliko sakafu ya bwawa letu, na hapo mvua bado haijaanza kunyesha, na siku hiyo bahari ilikuwa maji mafu, yale yasiyopanda sana. Akanieleza kwa upole kwamba huku karibu na pwani chini ni jiwe la matumbawe lina matundu matundu, maji ya kisima yanapanda na kushuka kufuata bahari, kwahiyo ikija bamvua, bahari inapojaa sana, na masika juu yake yatapanda zaidi ya pale. Bwawa tupu ni mtumbwi wa zege, maji yakilizunguka kwa nje linataka kuelea, na zege halijui kuelea vizuri, linanyanyuka upande mmoja, linapasuka, mabomba yanakatika. Maji yaliyomo ndani ndo yanayolikalisha chini. Kuna valvu ya kupunguza presha inayowekwa sakafuni wakati wa kujenga ili maji ya nje yaingie ndani badala ya kulinyanyua bwawa, mjenzi wetu hakuiweka. Kwahiyo kumwaga maji ilikuwa hapana, na hapana kubwa.

Kwangu mimi kile kitendo cha kamba na jiwe ndo kilichonifanya niwaamini. Hakikuchukua hata robo saa na hakikuhitaji chombo chochote. Mtu yeyote anayekuja kukwambia amwage maji ya bwawa lako msimu wa mvua bila kuuliza maji ya ardhini yako wapi, mshukuru kwa muda wake na umuage.

Kaka alipiga simu ya video kutaka kujua kwanini mabomba hayapulizwi. Fundi akamjibu, "Kaka, huko kwenu mnaogopa barafu, huku kwetu bomba kavu ndo linaingia mijusi na uchafu, na pampu ikikaa bila maji miezi miwili sili zake zinakauka na mota inaliwa na chumvi. Huku tunalifunga bwawa lakini maji tunayaacha yanatembea." Kaka akaridhika, na tangu hapo hakuuliza tena.

Sasa kazi yenyewe. Kufunga bwawa kwa hali yetu ni kwamba maji yanabaki yamejaa, yanasafishwa sana mwanzoni, yanatiwa dawa ya kutosha, yanafunikwa jua lisiingie, na pampu inapiga saa chache kila siku badala ya kutwa nzima. Ikielezwa hivo inaonekana nyepesi lakini asilimia kubwa ya kazi iko kwenye kuyajua maji yako, na hapo ndo hawa vijana walipopata alama zangu.

Walikuja na kiboksi cha kupimia kile cha vichupa na vitone, sio vile vikaratasi. Fundi hakupima akaandika mwenyewe, alinipa mimi kichupa nikahesabu vitone mpaka rangi inabadilika, alafu ananiuliza umesoma ngapi. Klorini ilikuwa chini ya 1 (yaani miligramu kwa kila lita), inatakiwa 1 hadi 3. pH, kile kipimo cha uasidi wa maji, ilikuwa imepita 7.8, inatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.6. Ile dawa inayoikinga klorini isiliwe na jua ilikuwa ndogo, kama 20, yeye anataka ifike 30 hadi 50. Alkaliniti, ile inayoizuia pH isiyumbe, 160 wakati kawaida ni 80 hadi 120, na chokaa ilipita 400. Hii ya chokaa hakushangaa nayo, bwawa letu limejazwa maji ya kisima na kisima chetu kimechimbwa kwenye matumbawe, ni chokaa tupu ile, ndo ile rangi nyeupe inayoganda kwenye vigae usawa wa maji ambayo sisi tulikuwa tunaisugua kwa ndimu. Alinambia chokaa ikiwa nyingi na pH ikiwa juu ndo inashuka na kuganda, kwahiyo kwa maji yetu pH tuibane karibu na 7.2 au 7.4 isipande.

Basi wakaanza na asidi kidogo kidogo kushusha pH, na sababu yake nliipenda, klorini inafanya kazi vizuri zaidi pH ikiwa chini, ukimwaga klorini kwenye maji ya pH 7.8 na kupanda sehemu kubwa inakaa tu haiui kitu, umemwaga pesa. Wakapiga brashi kuta zote mpaka nyuma ya ngazi, hapo kulikuwa na utelezi wa kijani ambao mimi kwa macho sikuuona. Ngazi ya chuma wakaing'oa wakaifuta na maji baridi, ikawekwa ndani. Wakavuta uchafu wa chini kwa mpira, majani ya mti wa mkungu khasa, mkungu wetu uko pale pembeni na majani yake yakikaa majini yanatoa rangi kama chai na rangi ile inashika kwenye plasta. Na mifupa ya samaki. Kunguru wa Jambiani wana tabia ya kuja kulowesha chakula chao bwawani, mtu mwenye bwawa huku atanielewa.

Filta ya mchanga waliiosha kwa kurudisha maji kinyume. Kabla ya kuosha geji ya presha ilikuwa inasoma 20, baada ya kuosha ikarudi 12, akaniandikia ile 12 kwa maka juu ya filta yenyewe, ananambia ikipanda 8 au 10 juu ya namba hii osha tena, isipopanda usioshe unapoteza maji. Maji yale machafu hawakuyaelekeza upande wa kisima, waliyavutia mpira hadi kwenye shimo kule nyuma.

Dawa kubwa waliitia baada ya magharibi. Jua la huku likikuta klorini haina kinga linaila zaidi ya nusu ndani ya saa mbili, kwahiyo ukitia mchana umelilisha jua. Hesabu yake aliipiga mbele yangu na nnaiandika hapa mtu aiweke: bwawa la lita 48,000, kila ukitaka kupandisha klorini kwa 1 unahitaji gramu 48 za klorini safi, ile ya unga tuliyokuwa nayo nguvu yake asilimia 65, kwahiyo ni kama gramu 74, na kwa kufunga alitaka ifike 10, basi ni gramu 740, robo tatu ya kilo hivi. Sio kopo zima. Kuna watu wanamwaga kopo zima kwa imani tu.

Na hapa naomba mnisikilize sana hata kama hamtowaita mafundi hawa. Unga walikuwa wanautia kwenye ndoo iliyokwisha kujazwa maji, sio maji juu ya unga. Asidi hivo hivo, asidi ndani ya maji. Asidi na klorini havikuwekwa hata kwenye gari sehemu moja, vikikutana vinatoa hewa ya sumu inayoua mtu. Na kile kijana mdogo kilichukua ndoo iliyokuwa na chengachenga za vidonge kikataka kutilia unga wa klorini, fundi mkubwa alipaza sauti mpaka mimi nlishtuka, mana vidonge vya klorini na ule unga ni dawa mbili tofauti, zikichanganyika zikapata unyevu zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Akainyang'anya ile ndoo, akaleta nyengine safi. Sisi tulikuwa tunaweka vyote kwenye kabati moja la stoo chini ya rafu ya pempasi za watoto, siku ile ile tukavitenganisha.

Pampu yetu ni ya kilowati 0.75. Wageni wakiwepo inapiga saa nane kutwa, ni uniti 6 kila siku. Wao wakaiweka kwenye taima ipige masaa mawili alfajiri na masaa mawili jioni, uniti 3, na kwa umeme wetu wa Tukuza, wa kununua kabla ya kutumia, hiyo tofauti unaiona ndani ya mwezi mmoja. Pampu iko kwenye shimo la zege chini ya usawa wa ardhi kama ilivyo kwa wengi, kwahiyo walitoboa mfereji wa kutolea maji na wakaipandisha soketi na taima ukutani juu ya kiuno cha mtu, na wakajaribu ile sivichi inayokata umeme ukivuja kama kweli inakata. Ilikata. Mwenye bwawa ambaye hana hiyo sivichi asome sentensi hii mara mbili.

Turubai sasa. Nia yake nzuri sana, ni zito, rangi ya buluu iliyokoza, halipitishi mwanga. Kukiwa na giza ile koga ya kijani haiwezi kumea, na klorini haiguswi na jua, kwahiyo unakwenda na dawa kidogo sana. Mvua nayo nyingi haiingii, na hilo kwa huku ni muhimu mana mwezi wa nne peke yake mvua inaweza kupita milimita 300, na kwenye bwawa la mita 32 za mraba hizo ni lita 9,600, yaani moja ya tano ya bwawa zima ni maji mapya ya mvua ambayo hayana klorini, hayana kinga, hayana kitu, na yanayashusha yale vipimo vyote ulivyovihangaikia. Juu ya hayo bwawa likijaa kupita mdomo wa skima, skima haivuti tena uchafu wa juu. Wenzetu wa Pemba ambao mvua yenu ni kubwa kuliko yetu hesabu yenu itakuwa mbaya zaidi.

Lakini turubai walilifunga likawa limelala sawasawa na maji, katikati likabonyea. Mvua za mwanzo tu likashika maji juu yake, dimbwi zima, na huku ndani tumetia dawa mpaka basi kumbe mbu wanataga juu. Ami alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, njoo uone viluwiluwi huku, vinacheza." Kwa joto letu yai la mbu linakuwa mbu mzima ndani ya wiki moja hadi mbili, na mkataba wa mafundi ni kuja kila baada ya wiki mbili kupima maji, kwahiyo wakija kwa ratiba yao mbu washaruka. Hii ndo sehemu nliyokasirika. Nliwapigia wakasema kesho inshallah, kesho ikawa keshokutwa, mvua, gari, na sababu chungu nzima. Nyumba ile imezungukwa na majirani wenye watoto wadogo, siwezi kuwa mimi ndo nnawafugia mbu. Ami akawa anayasukuma yale maji kwa fagio la chelewa na kuyachota, mzee wa watu na miguu yake.

Walipokuja, niseme haki, walilitatua vizuri. Walileta madumu matupu yaliyofungwa vifuniko, wakayafunga kwa kamba mstari mmoja, wakayaelezesha katikati ya bwawa chini ya turubai, likawa na mgongo, mvua inateremka pande mbili inakwenda zake. Dimbwi halikurudi tena. Lakini kitu rahisi hivo kwanini hakikufanywa siku ya kwanza, na nshawaambia wakiweke kwenye kazi ya kawaida, sio mpaka mteja alalamike.

Jambo jengine la turubai, na hili sio kosa lao bali ni la kila turubai la aina hii: sio la kumzuia mtoto. Mtoto akikanyaga linazama naye na linamfunika, ni hatari kuliko bwawa lililo wazi kwa sababu hata kumuona humuoni. Fundi alinambia waziwazi bila kuulizwa, "Dada hili la kukinga maji tu, mtoto mlindie na uzio." Tukaweka uzio wa wavu na geti dogo lenye komeo la juu ambalo mtoto halifikii, kwa gharama yetu. Kama una watoto ndani au majirani wanaokatiza uwani kwenda pwani, uzio uje kabla ya turubai.

Ziara zao za kupima zilikuwa za kweli, sio za kuja kunywa chai na kuondoka. Kila wakija wanapima, wanaandika kwenye daftari lililotundikwa chumba cha pampu, ami anatia saini. Nlipokwenda mwisho wa mwezi wa tano nkalisoma lile daftari na unaona kabisa hadithi ya masika humo, klorini ilianza 10 ikashuka taratibu hadi 2, wakaongeza, alkaliniti ikashuka kutoka 160 hadi karibu 110 kwa ile asidi na ile mvua iliyopenya pembeni, na chokaa nayo ikapungua kidogo. Yaani mvua ikidhibitiwa kumbe inakusaidia kwa maji ya kisima kama yetu. Sehemu mbili wameandika umeme haukuwepo, pampu haikupiga, na siku hizo walitia dawa kwa mkono na kuyakoroga maji kwa brashi. Mtu asiye mwaminifu asingeandika hilo.

Kufungua ilikuwa mwanzo wa mwezi wa sita, kusi imeshaanza kuvuma na mvua imekata. Walilitoa turubai kwa kulikunja kutoka upande mmoja ili uchafu wa juu usimwagikie ndani, mimi nlikuwa nimesimama pale naangalia, na sakafu nliiona. Vigae vya chini vyote vinaonekana, kuna vumbi jepesi pembeni na chura mmoja kwenye skima, basi. Wakavuta, wakaosha filta, wakapima, wakatia dawa ya kawaida, na baada ya siku chache watoto wetu walikuwa ndani. Jirani wa upande wa pili ambaye bwawa lake liliachwa wazi bila kitu alikuwa na maji ya kijani kama supu ya kisamvu, na kwa kweli nlimuonea huruma, mana kuyarudisha yale maji ni dawa nyingi na siku nyingi, na wageni wake walikuwa washaanza kuwasili.

Bei sasa, mana najua ndo mnayoisubiri. Kufunga tulilipa laki tatu na nusu kazi, dawa mbali, turubai la kununua mwenyewe likabaki letu. Ziara za kupima wanachaji kwa mwezi, na kwa Jambiani wanaongeza nauli mana wanatoka mbali. Kufungua laki na nusu. Sio rahisi, sitosema ni rahisi. Lakini ukipima na pampu inayopiga saa nane kila siku kwa miezi miwili bwawa hakuna mtu anayeliogelea, na dawa inayoliwa na jua kila siku, na hatari ya kuja kutengeneza zege lililopasuka, mimi nnaona pesa yangu ilikwenda mahali pake.

Kama nyumba yako iko mjini, Mbweni au Mazizini, na mnaogelea mwaka mzima, hii huduma huihitaji, endelea na usafi wa kawaida na ongeza tu kupima maji baada ya kila mvua kubwa. Huduma hii ni ya mwenye nyumba inayobaki bila watu, na zaidi mwenye nyumba ya karibu na pwani. Na hata ukiamua kufanya mwenyewe, inawezekana, lakini nunua kile kiboksi cha vitone kwanza kabla hujanunua dawa yoyote, na kapime kisima chako.

Nyota niliyoibakisha ni ya lile dimbwi, ya kuchelewa kuja, na ya ndoano za turubai, mana zile walizotuwekea ni za chuma cha kawaida na kwa hewa yetu ya bahari zilikuwa zimeota kutu hata masika hayajaisha, mbili zimeacha alama nyekundu kwenye vigae ambazo mpaka leo hazijatoka. Kwa masika yajayo nshawaambia nataka kamba na ndoano za plastiki, madumu yawekwe siku ile ile ya kufunga, na ziara ziwe kila wiki mvua ikiwa kubwa. Wamekubali, na tumeandikishana.